Wimbo Wenu, Mtoto wa Watu

Ukitaka kujua ndoa ya watu ina nini ndani yake, nenda kawatembelee wiki mbili na ulale chumba kilichopakana na jiko. Mimi nililala chumba cha namna hiyo mwezi Februari 2024, nyumbani kwa dada yangu huko Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Nje baridi inakata masikio, ndani usiku wa pili tu nasikia mtu na mume wake wanavutana. Nikatega sikio, si unajua tena kazi yetu hii. Haikuwa pesa. Haikuwa simu ya usiku wa manane. Wala hapakuwa na mwanamke wa nje. Jamani, walikuwa wanagombania wimbo.

Shemeji yangu ni Mmarekani, na ni mwalimu wa bendi katika shule moja ya sekondari pale mjini. Kwa wenzetu bendi ya jazz shuleni ni jambo la kawaida kabisa, ina chumba chake, ina ratiba, mtoto anapewa maksi kama za jiografia. Na nikisema jazz naomba tuelewane, maana hapa kwetu neno hilo lilishapewa kazi nyingine siku nyingi. Mwambie mzee wangu "jazz" atakutajia Morogoro Jazz na Tabora Jazz, yaani muziki wa dansi na magitaa yake. Hii ya shemeji ni ile ya Kimarekani yenyewe: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, besi, gitaa na dramu. Jumla watoto 17. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa darasa lile wakiwa wanapasha, nilidhani lori limemwaga masufuria.

Mwezi Aprili walikuwa na tamasha la shule. Bendi inapanda jukwaani mbele ya majaji na kawaida inapiga nyimbo tatu: mmoja wa mbio, mmoja wenye mahadhi ya Kilatini, na mmoja wa taratibu. Huo wa taratibu wao huuita baladi, na ndio uliokuwa juu ya meza ya jikoni usiku ule, katikati ya vikombe vya chai.

Unaweza kudhani wa taratibu ndio rahisi. Hata mimi nilidhani hivyo, nikasema kwa ujuaji wangu, "Shemeji, si uwape huo wa polepole wapumzike?" Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ubwabwa hauhitaji maji.

Akanieleza, na tangu siku hiyo siwezi tena kusikiliza muziki kwa amani. Wimbo wa mbio unaficha mengi. Tarumbeta wa tatu akikosea, kabla hujageuza shingo wenzake wameshapita na kosa limezikwa. Wimbo wa taratibu hauna pa kujificha. Chukua kasi ya mapigo 60 kwa dakika. Noti ya mapigo manne hapo ina urefu wa sekunde nne nzima. Hebu jaribu sasa hivi, vuta pumzi, toa sauti moja kwa sekunde nne bila kutikisika. Sasa fikiria saksafoni tano zinashika sauti hizo kwa pamoja, na mmoja wa watoto yuko chini kidogo tu ya wenzake, unywele mmoja. Ukumbi mzima unasikia. Tena unasikia kwa sekunde nne.

Halafu kuna dramu. Mtoto aliyezoea kutwanga kwa fimbo anaambiwa ashike brashi, azungushe taratibu juu ya ngozi ya ngoma, sauti itoke kama mtu anayefagia uani alfajiri. Anachoka, anaona kama hafanyi kitu, mkono unaanza kukimbia. Na dramu ikikimbia wote wanakimbia. Wimbo unaanza kama bibi harusi anayeingia kanisani na kwisha kama watu wanaowahi daladala ya mwisho.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Wimbo wenyewe ulikuwa "Body and Soul", ulioandikwa na Johnny Green mwaka 1930. Umepigwa na kila mtu, lakini rekodi ambayo wapiga saksafoni wanaiheshimu kama msahafu ni ya Coleman Hawkins ya mwaka 1939. Hawkins anaugusa ule wimbo mwanzoni, anakuonjesha kidogo tu, kisha anauacha na kusimulia mambo yake mwenyewe mpaka mwisho. Shemeji anapiga saksafoni ya sauti hiyo hiyo, tena, na ujana wake wote umeishia kwenye zile dakika tatu za Hawkins.

Mwaka 2014 alipokuja Moshi kujitambulisha, alikuja na saksafoni yake. Baada ya chakula akasimama sebuleni mbele ya wazee akapiga "Body and Soul" kwa mtindo wa Hawkins, macho kayafumba, jasho linamtoka. Wazee wametulia, adabu tupu. Mama yangu akavumilia kama dakika mbili hivi, kisha akaniinamia na kuninong'oneza kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia: "Wimbo wenyewe unaanza lini?"

Dada alicheka mpaka machozi. Shemeji naye alipotafsiriwa akacheka. Nadhani ndoa ile ilifungwa pale pale, mengine yalikuwa taratibu za serikali. Tangu siku hiyo ni wimbo wao. Aliupiga kwenye harusi, na anaupiga kila tarehe ile ya mwaka inapofika.

Kwa hiyo shemeji alipokuta mpangilio wa "Body and Soul" kwa bendi za shule, solo ikiwa ya saksafoni ya tena, hakufikiri mara mbili. Alinunua kwa pesa za bendi, akampa kijana mmoja wa miaka 15 ambaye kwa kweli anajua kupuliza. Kijana alifurahi mno, karatasi zile akalala nazo wiki ya kwanza.

Ngoja niseme jinsi mipangilio hii inavyonunuliwa, kwa sababu mtego uko hapo. Kampuni zinazochapisha noti huweka alama ya ugumu, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 6, na pamoja na karatasi wanakuwekea rekodi ya mfano usikilize kwanza. Rekodi hiyo imepigwa na nani? Na watu wazima, wataalamu wenye miaka yao kazini. Mwalimu amekaa jikoni usiku wa manane, kachoka, anasikiliza wataalamu hao, na kichwani anawaona watoto wake. Ni kama kununua gauni kwa kumtazama mrembo wa kwenye picha. Wewe msomaji wangu unayeagiza nguo kwa simu unanielewa vizuri sana.

Dada yangu hapigi chombo chochote, ni muuguzi. Lakini ndiye aliyesema neno la maana: "Mume wangu, zima hiyo rekodi. Soma karatasi kimyakimya, uwaze majina ya watoto wako."

Karatasi ikisomwa kimyakimya inasema mambo mengine kabisa. Katikati ya "Body and Soul" wimbo unahama: unatoka D bapa unapanda hadi D, nusu hatua tu. Kwenye sikio ni utamu mtupu. Kwa mtoto wa saksafoni ya alto ni balaa, kwa sababu chombo chake kinasoma noti kwa hesabu yake, na nusu hatua hiyo inamtoa kwenye bapa mbili na kumtupa kwenye shapu tano. Wa tena naye anatoka bapa tatu anaingia shapu nne. Vidole vilivyokuwa vinatembea sebuleni ghafla viko gizani kwenye ngazi. Na juu yao tarumbeta wa kwanza amewekewa noti za juu, za kushika muda mrefu, wakati midomo ya mtoto wa miaka 14 ina dakika zake chache tu za nguvu kabla haijaanza kutetemeka.

Shemeji alijua yote haya. Ni fani yake. Ila alipenda, na mtu aliyependa husoma anachotaka kusoma.

Nilikwenda kuwasikiliza Jumanne. Walipofika pale katikati, kijana wa solo akakosa. Wakarudia, akakosa. Wakarudia mara ya tatu akapita, lakini kwa hofu, kama mtu anayevuka barabara ya Morogoro jioni. Halafu ikaja sehemu ya kubuni yake mwenyewe, ile ambayo Hawkins anasimulia. Kijana hakuwa na la kusimulia. Angetoa wapi? Ana miaka 15, hajaachwa hata mara moja! Akapiga noti zilizoandikwa, moja baada ya nyingine, akakaa. Kabla kipindi hakijaisha alikuwa ameshaikunja saksafoni yake ndani ya boksi. Wenzake bado wanapuliza.

Alhamisi mama yake akapiga simu. Kijana anataka kuacha bendi. Hasemi sababu, anasema tu amechoka. Mtoto aliyeanza kupuliza akiwa na miaka 10, ambaye mama yake alikuwa analipia chombo kwa mwezi.

Ndipo ule ugomvi wa jikoni ukafika mwisho wake. Shemeji anasema akimpokonya solo sasa hivi atamdhalilisha mbele ya wenzake, afadhali amkazanie, atakuja kumshukuru. Dada akaweka kikombe chini. Akasema, kwa Kiswahili, maana dada yangu akikasirika Kiingereza chote kinamtoka: "Huo wimbo ni wako na mimi. Sebule ya Moshi ilikuwa yako na mimi. Wimbo wetu, mtoto wa watu. Kwa nini yeye ndiye alie?"

Kimya. Mimi chumbani nimeshika blanketi.

Sijui kama shemeji alilala usiku ule. Ninachojua ni kwamba asubuhi nilimkuta mezani na rundo la karatasi, hana rekodi, hana spika, anasoma huku anahesabu majina kwa vidole. Na kwa kuwa nilikuwa mgeni asiye na kazi, akanifanya mwanafunzi wake.

Alianza na Duke Ellington, ambaye aliongoza bendi yake kwa karibu miaka 50 hadi alipofariki mwaka 1974. Kwenye karatasi za bendi ile mara nyingi hukuti "saksafoni ya kwanza" au "tromboni ya pili", unakuta jina la mtu, tena pengine lile la utani. Ellington na mwenzake Billy Strayhorn walikuwa wanamwandikia fulani, mwenye pumzi zake, mbwembwe zake na udhaifu wake. "Isfahan", baladi iliyorekodiwa mwaka 1966, ilimkaa Johnny Hodges kama suti ya kushonesha, kwa sababu hakuna aliyejua kuteleza toka noti hadi noti kwenye alto kama yeye. Leo shule zinaweza kupata karatasi za Ellington bure kupitia mradi wa Jazz at Lincoln Center wa New York uitwao Essentially Ellington, na ni zawadi kubwa. Lakini kupewa suti ya Hodges si kupewa mabega ya Hodges.

Akaweka mezani "Li'l Darlin'" ya Neal Hefti, ambayo bendi ya Count Basie iliirekodi mwaka 1957. Hii nayo walimu wengi huikimbilia kwa sababu noti zake ni chache, hata mtoto wa mwaka wa pili anazisoma. Inasimuliwa kwamba Hefti aliileta ikiwa na kasi zaidi, Basie ndiye aliyeipunguza mpaka ikawa inatembea kama mzee aliyeshiba. Sasa hiyo kasi ndiyo kazi. Kila noti inakuja ikiwa imechelewa kidogo, makusudi, na watu 17 lazima wachelewe kwa kipimo kimoja. Shemeji alisema watoto wake wataweza mwakani, si mwaka huu. Mwanadramu wake bado ana haraka ya ujana. Akaisukuma pembeni, na niliona inamuuma.

Alichobaki nacho ni "A Child Is Born" ya Thad Jones, waliyoirekodi yeye na Mel Lewis na bendi yao mwaka 1970. Inahesabiwa tatu-tatu kama walzi, haina mahali pa kuhama ghafla, na kwa kawaida imekaa kwenye B bapa, nyumbani kabisa kwa tromboni na tarumbeta. Wimbo wake ni mrahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuuimba bafuni baada ya kuusikia mara mbili. Ipo mipangilio mingi ya ngazi mbalimbali. Shemeji akachukua ya ngazi ya chini, akaipitia kuanzia mwisho kurudi mwanzo: noti ya juu kabisa ya tarumbeta, mahali pa kupumua, urefu usiozidi dakika nne. Kwenye kila mstari akaandika jina la mtoto kwa penseli.

Mstari wa solo aliuacha wazi.

Ijumaa nilikaa nyuma ya darasa. Nilitegemea atoe hotuba ya kugawa majukumu mapya, kama mabosi wetu wanavyofanya wakitaka kukushusha cheo huku wanakupongeza. Hapana. Alisimama akawaambia watoto: wimbo niliowapa nilichagua vibaya. Niliuchagua kwa sababu naupenda mimi, sikuwatazama ninyi. Kosa si la aliyepiga, ni langu. Naomba mnisamehe, turudishe karatasi.

Basi. Maneno yenyewe hayakuzidi dakika moja. Watoto wakatazamana, kwa sababu nadhani hawajazoea kuombwa msamaha na mtu mzima. Yule kijana wa tena alikuwa anatazama viatu vyake, masikio mekundu. Kisha akaanza kutoa karatasi kwenye kabrasha, polepole, akazinyoosha kona zilizokunjika.

Baada ya kipindi shemeji alimwita pembeni, hakumpa kitu, alimuuliza: wewe unapenda kupiga nini? Kijana akasema hataki kusimama mbele kwenye wimbo wa taratibu. Anataka ule wa mbio, kuna mahali saksafoni zote tano zinaongea kwa pamoja, pale anajisikia vizuri. Kumbe. Miezi miwili hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Solo ya "A Child Is Born" ikaenda kwa binti mmoja wa tromboni ya pili. Si fundi. Ni mpole, hata salamu yake unaitafuta. Ila ana sauti moja ya katikati ambayo ikitoka watu wanageuka, na huo mpangilio wote umekaa hapo hapo katikati. Shemeji alimwambia atafute maneno ya wimbo ayaandike kwa mkono juu ya noti. Hiyo kanuni ni ya zamani, Lester Young alikuwa akiwaambia wapigaji wajue maneno ya kila wimbo wanaoupiga hata kama hakuna mwimbaji. Mtoto akijua neno linaishia wapi, anajua pia apumue wapi.

Jioni ile nikamsimulia dada, huku nakata vitunguu. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Aliomba msamaha? Kwa mdomo wake? Mbele ya watu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Miaka yote hii ya ndoa, mimi nimesikia 'nitajirekebisha' mara mbili. Hawa watoto wamempata kwa Ijumaa moja." Akacheka, lakini si kicheko chote kilikuwa kicheko. Usiku nikasikia tena sauti jikoni, za chini chini, na safari hii nikafunika kichwa kwa mto kwa sababu hata mimi nina mipaka yangu.

Nilirudi nyumbani kabla ya tamasha. Aprili dada akanitumia rekodi kwa WhatsApp, nikaenda nayo Moshi sikukuu moja nikamwekea Mama. Kusema kweli si rekodi ya kuvunja rekodi. Tarumbeta mmoja anaingia kabla ya wakati. Yule binti kwenye noti ndefu ya kwanza pumzi inamwishia, sauti inazama, unasikia kabisa anavuta hewa upya, kisha anaendelea, na ya pili anaishika mpaka mwisho. Brashi hazikukimbia. Majaji waliwapa daraja la pili. Kijana wa tena yumo kwenye mstari wake, huwezi kumtofautisha na wenzake, na mwaka uliofuata alikuwa bado yumo.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Ulipoisha akaomba nirudie. Nikarudia.

"Huu," akasema, "angalau umeanza mapema."